Alisema Itahamia, au Alisema Ingehamia?

Hivi umewahi kusoma habari gazetini, ukaimaliza, halafu ukabaki hujui kama jambo lenyewe litatokea, lilitokea au lilishindikana? Mimi nakutana na habari za namna hiyo kila wiki. Nimezichunguza kwa muda sasa, na mara nyingi ugonjwa ni uleule: habari iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na aliyeitafsiri akakwama kwenye could, would na might.

Usikimbie, msomaji. Hili si suala la walimu wa sarufi peke yao.

Kiingereza kina tabia moja. Kitenzi cha mbele kikiwa cha wakati uliopita, huvivuta na vile vinavyofuata nyuma yake. Leo waziri anasimama bungeni hapa Dodoma na kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka, "Serikali itajenga barabara." Kesho yake gazeti la Kiingereza linaandika kwamba alisema serikali would build. Will imegeuka would. Can nayo hugeuka could, na may hugeuka might. Barabara bado haijajengwa na ahadi ina umri wa siku moja tu, lakini kitenzi kimeshavishwa nguo za zamani kwa sababu kimetanguliwa na "alisema". Mwingereza hasumbuki, kazoea.

Kiswahili hakina ulazima huo. Sisi tukishasema "alisema", kazi ya wakati uliopita imeisha hapo. Maneno ya msemaji yanabaki na wakati wake: alisema itajengwa, alisema inaweza kujengwa, alisema huenda ikajengwa. Tendo la kusema ni la jana, jambo linalosemwa ni la kesho, na hakuna ugomvi kati yao.

Tatizo linakuja pale could ileile inapokuwa na kazi ya pili. Kiingereza huitumia pia kwa mambo ya kudhania, yale ambayo sisi tunayapa -nge-. Mtafsiri aliyeshikwa na haraka (na chumba cha habari gani hakina haraka?) anaona could, mkono unakimbilia "ingeweza". Maana imepinduka na yeye ameshahamia habari nyingine.

Imepindukaje? Sikiliza mwenyewe: "Ingeweza kujengwa." Sikio la Mswahili linasubiri kitu. Kama nini? Lakini nini? Sentensi yenye -nge- husimama kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ni sharti: ingeweza kujengwa kama fedha zingepatikana. Usipolitaja hilo sharti, msomaji atalijaza mwenyewe, na mara nyingi atajaza kwamba jambo limeshindikana.

Nina mjomba wangu analima mtama na uwele wilayani Chamwino. Wanaoijua kanda hii ya kati wanajua kwamba tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukikosea hapo, umesubiri mwaka mzima. Mwaka mmoja nilimkuta na gazeti lililoandika kwamba wataalamu "walionya kuwa mvua zingeweza kuchelewa". Akasoma, akakunja gazeti, akaniuliza kwa furaha, "Afadhali. Kwa hiyo hazichelewi tena, siyo mjomba?"

Mjomba alikisoma Kiswahili kama kinavyosomwa. Zingeweza kuchelewa, lakini hazikuchelewa, Mungu mkubwa. Siku hizo alikuwa anaamua kama apande mbegu ya muda mrefu au ile inayokomaa haraka. Onyo lilikuwa limemfikia likiwa limegeuka kuwa pongezi! Ilibidi nikae naye nimweleze kwamba hatari bado ipo, na kwamba aliyeandika alikusudia kusema huenda mvua zikachelewa. Akaguna. "Sasa kwa nini hakusema hivyo?"

Swali zuri, maana zana za kusemea tunazo tele. Tuna "huenda", kitenzi "kwenda" kilichovaa hu- ya mazoea, kisha kikafuatwa na -ka-: huenda zikachelewa. Tuna "pengine". Tuna "yumkini" tuliyoichukua kwa Waarabu. Tuna "labda", ambayo kwa Kiarabu chake ilikuwa na maana ya "hakuna budi", jambo la lazima kabisa, nasi tukailegeza mpaka ikawa shaka. (Budi yenyewe tunayo bado, kwenye "hatuna budi". Neno moja, watoto wawili wasiofanana tabia.)

Halafu kila kitenzi cha kutanguliza kina namna yake ya kupokea shaka. Aliyehofia tunampa "isije": alihofia mvua isije ikakata. Aliyetumaini tunampa -ta-: alitumaini atapata. Na "nilidhani" ndiyo tamu zaidi. Nikikwambia "nilidhani atakuja", bado hujui kama alikuja. Nikikwambia "nilidhani angekuja", karibu umeshajua kwamba nilisubiri bure. Silabi moja imebeba masaa mawili ya kukaa kituoni.

Sisemi -nge- haifai kufuata "alisema". "Alisema angekuja kama angepata nauli" ni Kiswahili safi, sharti hilo hapo, limekaa mahali pake. Na wapo wanaosimulia kwamba mtu "alisema angefika kesho yake", na wanaeleweka kwa sababu simulizi lenyewe linatuonyesha kilichofuata. Ninachosema ni kwamba kwenye habari, ambapo mwisho haujulikani bado, -nge- inatoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Mji wangu huu ni mfano mzuri kuliko wote. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka kumi. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Miaka kumi ikapita. Ikapita mingine. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwandishi wa mwaka 1990 anayetaka kuukumbusha uamuzi ule. Aandike "TANU ilisema serikali itahamia Dodoma" au "ingehamia Dodoma"? Kwa Kiingereza asingeumiza kichwa: would move, basi. Neno hilo halimlazimishi kusema kama ahadi iko hai au imekufa. Kiswahili kinamlazimisha. Akiandika itahamia, anasema deni bado lipo. Akiandika ingehamia, ameshalifuta kwa niaba ya wadaiwa.

Na deni lilikuwepo. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kabla muhula wake haujaisha mwaka 2020. Septemba hiyohiyo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia. CDA ikavunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini, lakini aliyekuwa ameandika -ta- hakuaibika.

Ndiyo maana suala hili linaniwasha. Mwandishi anayeandika "waziri alisema wananchi wangeweza kulipwa fidia" wakati waziri alisema wanaweza kulipwa, amewanyang'anya watu dai lao kwa silabi. Na jambo hili linakua. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Fikiria shahidi aliyesema mshtakiwa "huenda alikuwepo" eneo la tukio, halafu kumbukumbu ziandike kwamba "angekuwepo". La kwanza linamweka kwenye mashaka. La pili linamwondoa kabisa eneo hilo. Kwa Kiingereza yote mawili yanaweza kutokea kwenye mlango mmoja wa might have been.

Dawa yangu ni ndogo. Kabla sijaandika "ingeweza", najiuliza: lakini nini? Kama jibu lipo, naliandika hapohapo. Kama hakuna "lakini", -nge- inaondoka, "inaweza" au "huenda" inaingia, na msomaji anabaki na kesho yake ikiwa bado wazi.

Naomba kutoa hoja.