Kamera ya Mutoyi hainunuliwi kwa akili ya Brussels

Hapa Brussels, ukisema unatafuta kamera, utapewa ushauri uleule kila unapouliza: nunua ndogo, ya kuingia mfukoni, kwa sababu kamera kubwa utaiacha kabatini. Muuza duka atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo. Na kwa maisha ya hapa wana haki. Mtu anashuka treni, anapita dukani, anamchukua mtoto shuleni. Kamera ya kilo nzima shingoni ni adhabu.

Tena siku hizi kamera ya mfukoni imerudi kuwa fasheni. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, nyingi zikiwa hizo ndogo. Simu ikaja ikazila, na leo jumla ya kamera zote kwa mwaka haifiki hata sehemu ya kumi ya idadi ile. Sasa vijana waliokulia kwenye simu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Fujifilm ilipotoa X100VI mwaka 2024, kwa bei ya euro 1,799 huku Ulaya, watu waliandikisha majina na kusubiri miezi. Ukienda mnadani pale Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, utaona mabinti wa shule wakipekua maboksi ya vikamera vilivyotengenezwa kabla hawajazaliwa.

Katikati ya msisimko huo nikapata ujumbe wa mpwa wangu kutoka Mutoyi. "Mjomba, ukija likizo naomba uniletee apareyi. Ya kazi, mjomba. Niambie ipi inafaa, zile zisizo na kioo au hizi ndogo."

Mutoyi, kwa asiyepajua, ni kilima na misheni upande wa Bugendana, mkoa wa Gitega, Burundi. Ina parokia, ina hospitali, ina ushirika, na kwa miaka mingi imepokea watu wa kujitolea kutoka Italia. Mpwa wangu anaishi kwa foto. Anapiga za paspoti, ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, na msimu wa kiangazi ukifika, Juni hadi Agosti, anapiga harusi. Mashine anayotumia ni ya kuazima, na anayemwazima huchukua sehemu ya malipo. Kwa hiyo swali lake ni la riziki, na jibu la Brussels halimfai hata kidogo. Nitaeleza kwa nini, maana najua wengi wenu mmeshaulizwa swali hilihili na ndugu zenu.

Kwanza tofauti yenyewe, kwa kifupi. Kamera nyingi za zamani za kubadilisha lenzi zilikuwa na kioo ndani, kinachoakisi picha kuipeleka kwenye tundu la kuchungulia. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1 iliyoondoa kioo hicho ikabakiza uwezo wa kubadilisha lenzi. Tangu hapo kamera zisizo na kioo zimeendelea kuwa nyepesi na nzuri zaidi. Ya mfukoni ina lenzi moja isiyobadilishwa. Ndani yake kuna kibao kinachopokea mwanga, mafundi wanakiita sensa. Katika vikamera vya bei nafuu sensa ni milimita 6 kwa 4.6 hivi. Katika ndogo za kifahari kama Sony RX100 ni 13.2 kwa 8.8. Katika Sony a6000 isiyo na kioo ni 23.5 kwa 15.6, eneo mara tatu ya hiyo ya RX100. Na a6000 yenyewe ina gramu 344 tu pamoja na betri yake. Lile zigo la kilo halipo tena.

Lakini mambo ya milimita yangekuwa yote, ningemaliza hapa. Kubwa zaidi ni watu wanaokaa mbele ya kamera.

Likizo moja nilikwenda Mutoyi na kikamera changu cha mfukoni, kile ninachokisifia huku. Jumapili baada ya misa nikamwomba bibi nimpige foto. Akaniambia nisubiri. Akaingia ndani, akatoka amevaa vazi safi la imvutano, amefunga kitambaa kichwani, akaagiza kiti kitolewe nje, akakaa wima, mikono juu ya magoti, uso mzito kama wa siku ya kiapo. Nikapiga tatu, nne. Nikakirudisha kikamera mfukoni, nikamshukuru. Hakuinuka. Baada ya muda akamgeukia mama yangu mdogo akauliza, "Na foto yenyewe ataipiga lini?"

Kwa bibi, kile kidude hakikuwa kimefanya kazi yoyote. Foto ni shughuli: mtu anajiandaa, mpiga foto anasimama, anainua mashine mpaka usoni, anakuelekeza, kidevu juu kidogo, sawa, usitikisike. Huku Ulaya tunafundishwa kumpiga mtu bila yeye kujua, ndiyo picha inayosifiwa kuwa ya kweli. Kule foto ya kuibiwa ni ya kuibiwa. Mteja wa mpwa wangu akimwona amekuja harusini na kitu kinachofanana na simu ya kila mtu, atamwuliza analipwa kwa lipi. Mwenye harusi amelipia pia heshima ya kuonekana amemleta mpiga foto. Unaweza kuita hayo majivuno. Mimi nayaita bei ya soko.

Na hapo kikamera cha mfukoni kinapatwa na msiba wake wa pili: wageni nusu wana simu. Kinachopigwa na simu hakinunuliwi. Mpwa wangu akitaka kulipwa lazima atoe kitu ambacho simu haitoi, nacho ni bibi harusi aliyeng'aa mbele huku nyuma kumefifia, au uso uliotulia ndani ya kanisa lisilo na taa za kutosha. Hilo linataka sensa kubwa na lenzi yenye mdomo mpana. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inafanya kazi hiyo kwa bei ya kibinadamu. RX100 nayo inaanza na f/1.8, lakini ukivuta zumu kuwafikia maharusi altareni ukiwa benchi la tano, mdomo wake unabana mpaka f/4.9, na mwanga unapotea pale unapouhitaji.

Jua nalo lina lake. Brussels miezi sita ya mwaka tunaishi chini ya blanketi la mawingu, skrini ya nyuma ya kamera inasomeka vizuri kabisa. Gitega iko nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Saa sita mchana wa Julai skrini haionyeshi kitu ila sura yako mwenyewe ukikunja macho. Tundu la kuchungulia hapo ni lazima, na vikamera vingi vya mfukoni havikuwekewa. Kamera isiyo na kioo ina faida ya ziada: kinachoonekana tunduni ndicho kitakachotoka. Bibi harusi mweusi, shela jeupe, jua kali; mashine ikiachiwa iamue, italilinda shela na kuufanya uso kuwa kivuli. Mpiga foto akiliona kosa kabla ya kubofya, anaongeza mwanga, basi. Si jambo dogo kwetu. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikalipia kipimo hicho kwenye albamu za wazazi wetu.

Halafu kuna video. Harusi zetu siku hizi bila video hazijakamilika, na kabla ya harusi kuna siku ya mahari, ambapo wazee wa pande mbili wanajibizana kwa mafumbo mpaka pombe ya mtama iwe imezunguka. Hakuna mzee wa Kirundi mwenye sifa zake atakayemaliza hotuba hiyo kwa dakika kumi. Sasa kamera nyingi za zamani kidogo, a6000 ikiwemo, hujizima zikirekodi dakika 29 mfululizo. Chanzo chake ni ushuru. Forodha ya Umoja wa Ulaya ilihesabu kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza kodi, viwanda vikaona afadhali kuifunga mashine mapema. Yaani karani wa forodha wa Ulaya anamkata kauli mzee wa Bugendana kwenye mahari ya mjukuu wake. Sony a6400 ya mwaka 2019 haina kizuizi hicho. Ukiimudu bei yake, hiyo ndiyo ya kumpelekea mtu wa harusi. Asiyeimudu ajifunze kuzima na kuwasha mzee akinyamaza kumeza mate.

Vumbi ndilo linalowadanganya wengi. Husemwa: nyumbani kuna vumbi jekundu, kwa hiyo peleka kamera iliyofungwa, isiyofunguliwa lenzi. Inaonekana hoja safi. Lakini lenzi ya mfukoni inayotoka na kurudi kila ukiwasha huvuta hewa ndani, na hewa ya Julai barabara ya Mutoyi unaijua. Vumbi likishafika kwenye sensa huwezi kulitoa bila kuifungua mashine yote. Ricoh GR, kipenzi cha wapiga picha wa mitaani huku, ina sifa hiyo mbaya tangu zamani. Isiyo na kioo unaitoa lenzi ukiwa chumbani, mdomo wa kamera ukitazama chini, unapuliza kwa kile kipira cha kupulizia, imeisha. Kadhalika ikianguka: lenzi ikivunjika unaazima nyingine jioni hiyohiyo na kazi inaendelea. Ya mfukoni ikianguka lenzi ikapinda, umebaki na kifaa cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Umeme, nitapita haraka, kila mtu anajua hali ya nyumbani. Chagua inayochajiwa kwa waya wa USB ikiwa na betri ndani, ili pauabenki au sola iitoshe. Wenye viwanda wanasema a6000 hupiga picha 310 hivi kwa betri moja ukitumia tundu, na Ricoh GR III 200. Harusi moja inataka betri tatu. Hakikisha pia ina Wi-Fi, kwa sababu mteja wa leo anataka foto tatu kwenye WhatsApp kabla hajafika nyumbani, hata kama zile za karatasi atazifuata wiki ijayo. Huku wengi wetu hatuchapi tena. Kule bado foto ni karatasi, inatundikwa sebuleni karibu na kalenda.

Je, kikamera cha mfukoni hakina nafasi nyumbani? Kinayo, kwa mgeni kama mimi, na mahali ambapo kamera kubwa inakuwa fitina. Barabarani kwenye vizuizi mashine kubwa inaleta maswali, na kwenye madaraja au karibu na askari usitoe yoyote. Wodini hospitalini, kwa adabu tu, kubwa inatisha. Upande wa Muyinga, kwa shangazi zangu Waislamu, sherehe ya wanawake haimtaki mpiga foto wa kiume. Binti wa nyumbani akiwa na kikamera kidogo anapiga anachoruhusiwa, na picha zinabaki kwao. Hapo kidogo kinashinda bila ubishi.

Ila ukipanga kwenda Gishora, kilomita chache kutoka Gitega mjini, kuwaona wapiga ngoma, nenda na isiyo na kioo. Ngoma hiyo ya kifalme iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na sifa yake ni mruko: mtu anapaa, magoti kifuani, mirisho, zile fimbo za ngoma, hewani. a6000 inapiga fremu 11 kwa sekunde. Kikamera cha zamani kitakupa vumbi alikotua.

Kununua. Hapa Ulaya tumezoea kudekezwa: ukinunua mtandaoni una siku 14 za kurudisha, na kipya kina dhamana ya kisheria ya miaka miwili. Kwa mpwa wangu dhamana hiyo inaishia uwanja wa ndege wa Zaventem. Hatakuja Brussels na risiti. Kwa hiyo sioni sababu ya kumlipia bei ya kipya. Mtumba wa miaka kadhaa, uliokaguliwa mibofyo yake, sensa yake na mlango wake wa betri, unamtosha, na hela inayobaki iende kwenye lenzi. Kamera nzuri yenye lenzi mbovu ni hasara ya wazi.

Nimemjibu: isiyo na kioo, mtumba, lenzi yake ya kawaida pamoja na ile ya milimita 50, na kitambaa cha kuifunga wakati wa pikipiki. Ameuliza kama ina mkanda wa shingo wenye jina la kampuni. Inao.

Na nyinyi mnaosafiri kiangazi hiki: betri za akiba ziwekeni kwenye begi la mkononi, ndege haziruhusu kuzipakia chini. Chaja iwe ya asili. Na vile vikamera vilivyolala kabatini tangu mpate simu mpya, msiwapelekee vijana wanaoishi kwa kazi hii mkasema mmewasaidia. Changeni wawili watatu, mpeleke mashine moja ya kazi.