Nitazeekea Lugha Gani?

Mtumishi wa umma akitimiza miaka 60 hukabidhi nyumba ya shule, hungojea kiinua mgongo, na kila amkutaye humuuliza: Mwalimu, unahamia wapi? Wenzangu hupima maji, barabara na hospitali. Nami niliyapima hayo, na Tanga ikaishinda Njombe pasi na taabu. Baridi ya Juni kule kwetu haina urafiki na magoti ya mzee.

Lakini mama yangu alifia mikononi mwetu, mjini Morogoro. Katika miezi yake ya mwisho Kiswahili kilimtoka chote, kikabaki Kibena. Aliomba maji, wajukuu wakamletea blanketi. Walimpenda mno, ila hawakuwa na neno hata moja la kumjibu. Tangu hapo najiuliza: siku maneno yatakapoanza kuniaga, yale yatakayosalia nani atayaelewa?

Njombe yangeeleweka. Hata hivyo, mke wangu ni mzaliwa wa Pangani, na Kiswahili ndicho alichonyonya. Kumpandisha kwenye vilima vya chai ni kumfanya yeye mgeni wa lugha ili mimi nisiwe. (Nimefundisha mizani ya ushairi miaka mingi, ya kupimia jambo hili sina.)

Tumechagua Tanga. Msingi umekwisha kuchimbwa. Naye, bila kuombwa, kila alfajiri huniamkia kwa salamu ya kwetu, “Kamwene,” kiimbo kikienda upande, nami humwitikia. Jana aliniuliza maji huitwaje.