Mizani kwa Asiyesikia

Ipo kauli ambayo haikosi kutajwa katika mabaraza yetu ya ushairi, nayo huitikiwa na wote: kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya sikio. Shairi huimbwa, na ndani ya wimbo ndimo vina na mizani hujipima. Kauli hii ina ushahidi wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yasingetufikia lau si wazee wa Mombasa walioyahifadhi moyoni kwa miongo mingi, hata Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wakayakusanya na kuyatia katika maandishi, na hatimaye W. Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Sikio ndilo lililoyalinda.

Lakini kauli hiyo inapotoka barazani na kuingia darasani hugeuka kuwa hukumu. Ikiwa shairi ni mali ya sikio, mtoto asiyesikia afanye nini kipindi cha ushairi kinapofika?

Swali hili ni langu kwa haki, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na katika darasa langu la Kidato cha Pili, lenye wanafunzi 57, wamo kijana asiyeona na binti kiziwi. Hawamo kwa hisani ya mtu. Mwaka 1994, huko Salamanca nchini Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba skuli za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwaka 2006 Zanzibar ikatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao kifungu chake cha 24 ni cha elimu. Yote hayo ni mema. Hakuna hata moja, hata hivyo, linalomwambia mwalimu mwenye chaki mkononi namna ya kufundisha mizani.

Kwa kijana asiyeona kazi si kubwa kama watu wanavyodhani. Adui yake ni ubao, na pamoja na ubao yale maneno madogo ya walimu, "hii hapa" na "ile pale juu". Darasani kwetu maneno hayo yamepigwa marufuku. Kila kinachoandikwa hutamkwa, na mishororo hutajwa kwa nambari zake. Zaidi ya hapo ni suala la karatasi, kwani karatasi nzito za nukta nundu ni ghali na huisha kabla ya muhula kwisha. Nitaje jambo moja tu, kwa kuwa najua litawafurahisha wasomaji wa kurasa hizi. Anapoandika kwa kibao na msumari wake, huzitoboa nukta kwa upande wa nyuma wa karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wake, basi, huenda njia ile ile waliyoiendea watunzi wetu wa tenzi walipoandika kwa herufi za Kiarabu.

Kwa binti mambo ni mengine. Hakupata kusikia tangu utotoni. Lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili amekijia kwa njia ya kitabu. Mkalimani hutujia siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo si lazima iwe ya ushairi. Mwenzangu mmoja, mtu mwema na mwalimu hodari, alinishauri binti huyu asamehewe mashairi, apewe insha badala yake. Alisema kwa huruma, nami sikuwa na shaka na huruma yake. Lakini nilijiuliza: leo atasamehewa ushairi, mwakani atasamehewa nini? Na kwa mtoto wa visiwa hivi, ambako hakuna harusi wala kampeni isiyokuwa na beti zake, kusamehewa ushairi ni kutolewa nje ya mazungumzo ya watu wake.

Vina havikumsumbua. Tahajia ya Kiswahili ni ya kuaminika: silabi zinazofanana kwa sikio hufanana pia kwa jicho. Mwenye kusoma Kiingereza hana bahati hiyo, kwani huko maneno mengi huandikwa kwa sura moja na kutamkwa kwa sauti mbili. Binti huyu huuandika ubeti na kuuona ukwapi na utao zimesimama kama nguzo za nyumba, vina vya kati vimepangana wima na vya mwisho vivyo hivyo. Nguzo ikipinda, huona kabla ya wenziwe kusikia.

Mizani ndiyo iliyotupa kazi. Kanuni ya mwanzo ilikuwa nyepesi, kila irabu ni mzani mmoja, naye alihesabu kwa ncha ya kalamu, 8 kwa 8. Kisha siku moja akaniletea daftari lenye swali hili: "Mwalimu, m ya mtoto inahesabiwa, m ya mboga haihesabiwi. Zote zinaandikwa sawa. Nitajuaje?"

Nililipeleka swali hilo kwa darasa zima. Jibu lilikuwa moja: "Ndivyo inavyotamkwa, Mwalimu." Kwa anayesikia hilo latosha. Kwake yeye halikuwa jibu, na ilibidi sote tutafute sababu ambayo masikio yetu hayakuwahi kutudai.

Sababu ipo. M ya mtoto, ya mti na ya mvuvi ni kiambishi kilichokuwa mu. Waswahili wa Kongo hata leo husema mutoto. Irabu imeondoka lakini mzani wake umebaki. M ya mboga, ya mbuzi na ya mvua haikuwa hivyo. Imeshikamana na konsonanti inayoifuata na haina uzito wa peke yake. Yapo pia maneno mafupi kama mbu, mbwa, nta na nchi, ambayo sauti yake ya mwanzo hubeba mzani kwa kuwa neno lisingetimia bila yake. Hayo tuliyaandika kwenye orodha, akayahifadhi.

Kubwa zaidi alilivumbua mwenyewe kutokana na kanuni hiyo. Tukisema "mtu mbaya", mbaya ina mizani mitatu. Tukisema "njia mbaya", ni miwili. Neno ni lile lile kwa maandishi, na linalolipa uzito wake ni ngeli ya jina linalolitangulia. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijaona kitabu cha darasani kinachoieleza tofauti hiyo.

Tangu hapo wenziwe wameanza kujifunza herufi za vidole ili walumbane naye. Wamezijua vizuri mno, hata katika jaribio la mwezi uliopita ilinibidi nitenganishe madawati, kwa kuwa majibu yalikuwa yakipita kimya kimya kutoka dirishani hadi mlangoni.

Suala la mtihani bado halijaamuliwa. Nimeandika barua kuomba atahiniwe ushairi kama wengine, mkalimani awepo, na muda uongezwe. Barua imepokewa na jibu sijapata.

Wiki iliyopita alileta shairi lake la kwanza lililotimia, beti nne juu ya wavuvi waliochelewa kurudi. Darasa likamshika katika ubeti wa pili: mshororo wa tatu, walisema, una mizani 15. Akaandika ubaoni kwamba una 16, akapigia mstari maneno "upepo mbaya", na chini yake akaandika: upepo, si pepo. Nikamwomba kijana asiyeona, ambaye ndiye muimbaji wetu, auimbe mshororo ule polepole, na wenziwe wahesabu kwa vidole. Walipata 16.