Foleni ya maksi Lukole

Niko field Lukole, Ngara, kulikokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi miaka ya 1990. Juzi kidogo nilie. Maksi 600 kwenye foleni ya kompyuta, mwisho wa kutuma saa kumi, zinatoka moja kila sekunde 3! Nikalaumu intaneti ya setilaiti, eti nyembamba. Wapi! Maksi ni herufi chache tu. Kumbe setilaiti iko kilomita 36,000 juu, kuuliza na kujibiwa karibu sekunde 0.6, na programu inapiga hodi upya mara tano kwa kila mwanafunzi. Nikaibadili ibebe 50 kwa hodi moja. Dakika 30 zikawa chini ya moja. Ila jibu moja likapotea njiani, kifurushi kikatumwa tena, majina 50 mara mbili! Nikafuta kwa mkono, jasho linanitoka. Saa kumi kasorobo mkuu akachungulia: "Tayari, mwalimu?"

"Tayari, mkuu."