Tulipompeleka Mwanetu Kupimwa

Mwanetu alihifadhi Suratul-Fatiha kabla ya kujua kuomba maji. Alikuwa na miaka mitatu, akiisoma kwa sauti ile ile ya msomaji wa redioni, kituo kwa kituo, hata pale msomaji anapovuta pumzi. Wageni wakisema mashallah, nasi tukifurahi. Lakini kiu ilipomshika alilia tu, akatuvuta mkono hadi jikoni na kuuweka juu ya mtungi bila kututazama usoni. Tulipomwita jina hakugeuka. Karatasi ya biskuti ilipochanwa chumba cha tatu, aligeuka.

Leo twaweza kukiri kwamba tulijua, ila hatukutaka kuambiwa. Kwa miaka miwili tuliishi na visingizio: watoto wanaume huchelewa kusema, ami yake naye alichelewa, akienda shule atachangamka. Shule ya chekechea ya kwanza ilimrudisha nyumbani baada ya muhula mmoja, ikisema hana adabu. Jirani mmoja alisema ni jicho. Mwingine alisema ni chanjo, nasi hatukujua wakati ule kwamba makala ya mwaka 1998 yaliyoeneza hofu hiyo yalifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile la Lancet lililoyachapisha. Nyanya yake alimsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani, na hilo hatulijutii, kwani dua haijamdhuru mtu. Tunachojutia ni kwamba tuliifanya dua kuwa mahali pa kujificha, tusipige hatua nyingine.

Kilichotutoa mafichoni ni Ijumaa moja. Tulikuwa mlangoni mwa msikiti, kipaza sauti kikalia ghafla. Mwanetu alijiziba masikio, akapiga ukelele, akakimbilia barabarani. Bodaboda ilimkosa kwa shubiri moja. Mwendeshaji alishuka akitetemeka, akatuuliza bila ukali, "Mtoto huyu ana nini?" Tulitazamana. Tulikuwa wazazi wawili wenye akili timamu, na hatukuwa na jibu.

Hospitalini walianza na masikio, kwani mtoto asiyeitikia jina lake huenda hasikii. Masikio yalikuwa mazima. Ndipo tukaandikiwa siku ya tathmini. Siku yenyewe tulikwenda watatu pamoja na mtoto: sisi wazazi na nyanya yake mzaa baba, ambaye alikataa kata kata kubaki nyumbani.

Tulikuwa tumetarajia sindano, au mashine ya kupiga picha ya ubongo. Tulikuta chumba chenye mkeka, vigari, mpira, mdoli na vikombe vya kuchezea. Mtaalamu aliketi chini na mwanetu. Alimwita jina, akamwonyesha kitu kwa kidole aone kama atakitazama, akajifanya anakunywa chai katika kikombe kitupu aone kama mtoto ataiga. Mwanetu alichukua kigari, akakipindua, akazungusha gurudumu. Aliendelea kulizungusha muda wote ule.

Kisha maswali yakatugeukia sisi. Je, alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa akiwaonyesha vitu kwa kidole ili nanyi mfurahi naye? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Hucheza na wenzake? Hufadhaika mambo ya nyumbani yakibadilika? Zipo sauti, nguo au vyakula asivyovistahimili?

Hapa ndipo tunapoona haya kuandika, lakini bila hapa makala haya hayana faida. Tulidanganya. Hatukupanga. Swali lilikuja, na mdomo ukajibu kama unavyowajibu watu arusini. "Hucheza vizuri na wenzake." "Yuafahamu kila kitu, ni mkaidi tu." "Kidole? Ndiyo, alikuwa akionyesha." Mtaalamu aliandika kila neno tulilosema.

Nyanya yake alikuwa kimya pembeni na tasbihi yake. Akaiweka mapajani. "Mwanangu," alimwambia mtaalamu, "usiwasikize hawa. Waona haya. Mtoto hachezi na wenziwe. Hupanga vifuniko vya chupa kwa rangi kutoka asubuhi, na ukikigusa kimoja hulia mpaka Alasiri. Kwa kidole hajapata kunionyesha kitu, nami ndiye nimlalaye." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Hata huyu babake alikuwa akipanga makombe ya pwani vivi hivi. Tulimpiga sana kwa ajili ya hayo. Mola atusamehe."

Mmoja wetu aliinamisha kichwa, wala hakukiinua upesi.

Mtaalamu hakutukemea. Alitueleza jambo ambalo tungependa kila mzazi alisikie kabla ya kuketi mbele ya meza kama ile. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha usonji. Anayepima ana mizani mbili tu: anayoyaona kwa macho yake kwa saa chache, na anayoambiwa na wale wanaoishi na mtoto. Mzazi anayepamba majibu humpokonya mtoto wake mizani moja. Tukakumbuka kwamba ushahidi ni amana, hata unapotuelemea sisi wenyewe. Tukaomba maswali yarudiwe tangu mwanzo.

Jawabu lilikuja baadaye, siku nyingine: mwanetu ana usonji. Tulilia, hatutaficha. Lakini tulipofika nyumbani alikuwa yule yule, amekaa pale pale penye vifuniko vyake, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Jina halikumwongezea wala kumpunguzia kitu. Lilitubadilisha sisi. Hatukumwita tena mkaidi. Tulifahamu kwamba mtoto aliyejiziba masikio msikitini hakuichukia adhana. Sauti ile ilikuwa ikimuumiza kama vile jua la mchana linavyoumiza jicho lililo wazi.

Neno hili ni jipya masikioni mwetu, ila watu wenyewe si wapya. Leo Kanner, daktari aliyefanya kazi Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na hata kabla yake walikuwapo. Walikuwapo mitaani mwetu pia, wakiitwa wakaidi, wajinga, au wenye pepo. Baadhi yao walikua, wakaoa, wakazaa. Usiku ule baba wa mtoto alituambia jinsi anavyochoka arusini hata akaenda kusimama nje peke yake, na jinsi alivyodhani maisha yake yote kwamba ni upungufu wa imani. Naye sasa amepanga siku ya kupimwa. Watu wazima hupimwa pia, na mamake aliye hai ndiye shahidi wa utoto wake.

Tathmini ilitupa mambo ya kufanya. Mtaalamu wa usemi alitufundisha kutumia picha: kikombe, mkate, choo, kulala. Mwalimu wa chuo, tulipomweleza, alimpa mwanetu nafasi karibu na mlango mbali na kipaza sauti, akamruhusu kuvaa viziba masikio. Kwa shule tulikwenda katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu. Vituo hivyo vilianza Kenya mwaka 1984, nasi tulivipita miaka yote tusijue ni vya nini. Kisha tukamwandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Siku ya kujaza fomu mkono wetu ulikuwa mzito, lakini tuliijaza.

Hatuwezi kusema kila kitu kimekuwa chepesi. Kuna usiku asiolala, nasi hatulali. Kuna jamaa wasiotualika tena. Lakini juma la tatu la zile picha, mwanetu alisimama mbele ya nyanya yake na kumkabidhi picha ya kikombe. Nyanya aliinuka na magoti yake mabovu akateka maji, naye akanywa. Hapakuwa na kilio.

Mama unayesoma haya, ukiwa na mtoto asiyeitikia jina, asiyeonyesha kwa kidole, au aliyekuwa na maneno yakapotea, usingoje miaka miwili kama sisi. Msomee, umwombee, kisha umpeleke. Na ukifika mbele ya yule mwenye kalamu, sema kweli. Ukihofu kwamba ulimi wako utapamba, mchukue mamako au mkweo. Pengine Mwenyezi Mungu amekuwekea shahidi mwenye tasbihi.