Mwanapunda Naye Apewe Muda

Wafuga farasi wa Kentucky wana subira ambayo natamani ifike Lamu. Niliishuhudia kwenye shamba moja nje kidogo ya Lexington, mji ambao siku hizi Kiswahili cha Wakongo kinasikika kila upande, niliporuhusiwa kumpanda farasi jike wa miaka 4 aliyekuwa bado mafunzoni.

Alikuwa Rocky Mountain, farasi wa vilima vya mashariki ya jimbo hili. Farasi wengi wakitoka kwenye mwendo wa kawaida hunyanyua miguu miwili kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili, na mpandaji hurushwarushwa. Hawa huenda telki: mguu mmoja baada ya mwingine, vishindo vinne vinavyofuatana, mgongo umetulia. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden walitambua badiliko katika jeni ya DMRT3 ambalo huwapa farasi miendo ya namna hii. Kwa hiyo yule jike alizaliwa na telki yake. Alichokuwa akifunzwa ni kuidumisha huku amebeba mtu.

Na mtu ni mzigo, nilihisi mara moja. Nikikaza hatamu kidogo tu, vishindo vinavurugika, miguu ya upande mmoja inaanza kwenda pamoja, nami nayumba kushoto na kulia. Mkufunzi hakunipa fimbo. Aliniambia nilegeze mkono, nimwache atembee mpaka atulie, ndipo nimwombe telki tena. Aliporudi kwenye mwendo wake, nilihisi mgongo wake ukilainika chini yangu, masikio yakageuka kunisikiliza, na ardhi ikapita bila mtikisiko hata mmoja. Ni raha nisiyoweza kuisahau. Mara mkufunzi akasema basi, inatosha, na tandiko likafunguliwa jike angali na nguvu, ili kesho asione kazi kuwa adhabu. Kabla ya kupandwa na mtu, jike huyo alikuwa amezoezwa kushikwa kwato, kuongozwa kwa kamba na kuvaa tandiko tupu.

Sisemi kwamba wenzetu hawa ni wema kwa asili. Katika jimbo jirani la Tennessee wamekuwapo wakufunzi waliopaka kemikali kali kwenye miguu ya farasi, ili maumivu yawafanye wanyanyue miguu juu zaidi kwenye maonyesho. Sheria ya kuzuia ukatili huo ilipitishwa mwaka 1970, na bado vita havijaisha.

Kwetu Lamu, mtoto hupanda punda bila tandiko, amekaa nyuma karibu na kiuno cha mnyama, na huyumba naye kwenye vichochoro bila kushika chochote. Ustadi huo, unaoonekana kwenye mbio za punda wakati wa Maulidi, sijauona huku. Lakini wapo wanapunda ambao shogi likiwakaa tu mgongoni, wanatwikwa mchanga, saruji na mawe. Naelewa sababu: mji ule hauna njia za magari, na punda ndiye anayelisha nyumba. Ila mifupa ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho kukomaa. Anayemtwika mapema anakula mtaji wake mwenyewe, maana punda aliyetunzwa hufanya kazi miaka mingi. Hata kwa farasi ni hivyo: Tobe, dume la mfugaji Sam Tuttle ambalo Rocky Mountain wengi wa leo ni uzao wake, lilikuwa likibeba wageni huko Natural Bridge, papa hapa Kentucky, hata uzeeni.

Ndugu zangu wa Lamu na Pate, kituo cha Donkey Sanctuary kipo mjini Lamu tangu 1987 na kinatibu punda bure. Mwenye mwanapunda ampeleke, aulize umri wake unavyosomwa kwenye meno, amzoeze kamba na shogi tupu taratibu, na mzigo mzito usubiri hadi atimize miaka 4.