Fito Sita Katika Stoo ya Baba

Najua nimepotea. Kila Ijumaa jioni nimekuwa nikipanda matatu kutoka Ruiru, nilikopanga, hadi Thika kwa wazazi. Huko baba, seremala mstaafu, alinipa kona ya stoo yake nijenge mashine ya CNC, yaani mashine inayochonga mbao kwa kufuata amri za kompyuta.

Haukuwa mchezo. Mke wangu alipata oda ya seti 10 za herufi za plaiwudi kutoka shule moja ya chekechea. Herufi 260, kabla ya shule kufunguliwa Januari. Malipo ya awali yote niliyageuza kuwa mota, mikanda na vyuma.

Mashine ya kawaida inataka reli nzito zilizonyooka kila upande, na hizo ni ghali. Kuna aina nyingine ambayo mota zote hushika kichwa kimoja kwa pamoja. Eric Gough wa kampuni ya matairi ya Dunlop, Uingereza, aliunda ya miguu sita miaka ya 1950. Reymond Clavel wa Uswisi akaja na roboti ya Delta mwaka 1985. Yangu ina nguzo tatu. Kila nguzo ina kigari kinachopanda na kushuka, na kila kigari kinashika kichwa kwa fito mbili. Kichwani kuna ruta (si ile ya intaneti!).

Nikajiambia: vyuma sina, lakini hesabu ninayo. Na hesabu yenyewe ni Pythagoras wa sekondari. Chukua mraba wa urefu wa ufito, toa mraba wa umbali wa mlalo kati ya kichwa na kigari, tafuta kipeuo cha pili, kisha ongeza kimo cha kichwa. Fanya hivyo kwa nguzo zote tatu. Programu huria ya Marlin inaifanya kazi hii kwenye bodi ya Arduino Mega ya megahezi 16, ikikata kila mstari vipande vidogo vidogo. Mota ya hatua 200 iliyogawanywa mara 16, puli ya meno 20, mkanda wa meno ya milimita 2: unapata hatua 80 kwa kila milimita. Nilijiona fundi.

Herufi A ya kwanza ilikatwa upande mmoja hadi mezani, upande wa pili haikuguswa. Nikalaumu programu. Usiku mbili nabadilisha namba tu. Mke wangu akapiga simu: "Zimefika ngapi?" Nikakosa jibu.

Asubuhi baba aliingia na kikombe cha chai. Akazifungua fito sita, akazisimamisha mezani kama mtu anayelinganisha miguu ya kiti. Zilipishana, nyingine kwa milimita mbili nzima.

"Ulizipimaje?"

"Kwa tepu, baba. Kila moja mara mbili."

"Basi ndiyo hiyo. Ukipima mara sita, utakosea mara sita."

Akapigilia misumari miwili kwenye ubao, hicho ndicho kigezo. Tukaziunga upya fito zote juu yake, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Fito zikiwa na kosa moja linalofanana, ni namba moja tu ya kurekebisha kwenye programu. Makosa sita tofauti yanainamisha kichwa chenyewe, na hakuna namba niliyokuwa nayo ya kukinyoosha.

Herufi ya mwisho ilitoka siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mashine ni ya polepole. Fito hizi hazipendi kusukumwa kwa ubavu, kwa hiyo plaiwudi ya milimita 3 naikata milimita moja moja. Chuma usijaribu.

Ukitaka kujenga yako, kabla ya kuwasha kompyuta tafuta ubao na misumari miwili. Mengine niulizeni. Tuonane tena.